Ngozi ya Kuchujia Petroli

Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nimalize chuo, karani katika uwanja wa ndege wa Tanga. Pamoja na mambo ya makaratasi, nilisimamia ujazaji wa petroli. Ilikuja kwa mapipa, ikamiminwa kupitia ngozi laini iliyotandikwa kwenye faneli. Ngozi hiyo, ikishalowa petroli, huipitisha na kuzuia maji. Aliyeimimina alikuwa mzee mmoja aliyeianza kazi hiyo kabla sijaanza shule.

Asubuhi ile alikuwa amekwisha kujaza tangi moja kati ya mawili ya nyuma katika ndege ya Dar es Salaam. Niliitazama ngozi yake, nyeusi kwa vumbi na kutu, nikaona aibu.

"Mzee, ngozi hii ioshwe."

"Haioshwi, mwanangu. Hukung'utwa."

"Usafi ni katika imani. Hukufundishwa na maalimu wako?"

Wapakizi wakaangua kicheko. Mzee akanikabidhi ngozi. "Haya, bwana msomi. Osha mwenyewe."

Nikaiosha kwa maji na sabuni, nikaikamua, nikamrudishia. Akalijaza tangi la pili kutoka pipa lililosimama nje wiki nzima ya mvua za masika.

Mimi mwenyewe nilipanda ndege hiyo, nikipeleka mfuko wa barua Dar es Salaam. Tulipopita Pangani nilinusa vidole vyangu, bado vinanukia sabuni. Hapo ndipo wazo liliponijia: ngozi iliyokwisha kunywa maji itayakataa maji gani?

Nikajiambia ni wasiwasi wangu wa siku zote. Lakini baada ya Saadani rubani alihama kutoka matangi ya mbele, yaliyokaribia kuisha, akafungua ya nyuma. Injini ya kulia ikakohoa. Ikanyamaza, ikakohoa tena, na ndege ikayumba.

Rubani msaidizi akatoka mbele. "Fungeni mikanda. Petroli yote tunaishuku. Tutatua mchangani Bagamoyo kabla ya injini ya pili kuzima."

Mchangani! Nilizaliwa Bagamoyo. Nilichungulia dirishani nikaona mapaa ya mtaa wetu, na maji ya bamvua yamejaa mpaka kwenye mikoko. Mchanga haukuwapo.

Nilijua tangi la kushoto lilikuwa safi. Au nilidhani najua? Kama mzee alianza na la kulia, neno langu lingezima injini zote mbili. Kama nikinyamaza, tungeingia majini. Nikaanza kuhesabu kila alichofanya asubuhi ile, mpaka nikaikumbuka kofia yake ya kiua. Alipokuwa akijaza tangi la kwanza aliitundika kwenye ngazi ya abiria iliyokuwa kando yake, isishike harufu ya petroli, naye alikuwa ameivaa tena kabla sijaichukua ngozi. Ngazi huwekwa mlangoni, na mlango uko kushoto. Alianza kushoto.

Nikaenda mbele kwa rubani.

"Bwana, petroli ya kushoto ni safi. Maji yako kulia tu."

Rubani hakugeuka. "Umejuaje?"

"Ya kushoto ilichujwa kabla sijaiosha ngozi."

"Uliiosha kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

Alitamka neno ambalo sitaliandika. Kisha akazungusha swichi ya matangi, injini zote mbili zikanywa kutoka kushoto. Ile ya kulia ikakohoa mara mbili. Ya tatu nikaisubiri kwa macho yaliyofumbwa. Haikuja.

Dar es Salaam walikinga petroli ya tangi la kulia katika chupa. Maji yakatulia chini, meupe. Rubani akatoa kalamu.

"Nani aliyeimimina?"

Ilikuwa rahisi mno kumtaja mzee.

"Yeye alikataa kuiosha ngozi," nikasema. "Andika mimi."

Niliporudi Tanga nilikuwa nimevuliwa usimamizi, nimewekwa chini ya mzee nijifunze. Nilimkuta amekaa juu ya pipa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alinipa ngozi mpya, ingali kavu, na mkebe uliojaa petroli.

"Haya, msomi. Leo ioshe kwa hii."