Robo Saa Juu ya Dungu

Dada yangu mkubwa aliolewa ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, kwenye ardhi kavu ambako mahindi yalikuwa yamemshinda misimu miwili mfululizo. Mwaka huo alipanda mtama. Mtama hustahimili jua, lakini hauna ganda la kuficha punje zake; kwa hiyo, tangu punje zilipoanza kujaa, alishinda shambani alfajiri hadi magharibi akiwinga ndege. Mumewe alikwisha kufa. Nyumbani alikuwa na wajukuu watatu na mama mkwe asiyeona, na chakula chao chote hadi mvua nyingine kilikuwa bado kimesimama kwenye mabua, wiki moja kabla ya kukatwa.

Neno hilo, kuwinga, nimelifundisha miaka mingi kule Nunguni, kwa wanafunzi waliozoea baridi na viazi. Nililifafanua ubaoni: kukaa juu ya dungu, yaani jukwaa la miti, na kuwatisha ndege kwa kelele na kombeo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwinga hata siku moja.

Nilimtembelea likizoni, nikiwa na kamera. Katikati ya shamba palikuwa na mti mkavu, na juu yake alikuwa akitua kipanga wa jamii ndogo kuliko zote, jike, mfupi kuliko njiwa, kifua cheupe na mgongo wa kahawia iliyoiva. Siku tatu nilimpiga picha nikakosa. Asubuhi, nikiwa upande wa nyumba, jua lilikuwa nyuma yake. Kamera ilipima weupe wa anga, na ndege akatoka mweusi kama kipande cha makaa. Nilipoongeza mwanga, manyoya ya kifua yalipotea ndani ya weupe. Adhuhuri kivuli cha paji lake kilifunika macho. Ilibaki nafasi moja tu: niwe mashariki ya mti, juu kidogo, katika zile dakika chache ambapo jua limekwisha kuvuka kilima lakini halijawa kali. Mahali hapo ndipo lilipokuwa dungu la dada.

"Nipe dungu robo saa," nilimwambia asubuhi ya nne. "Na usipige kelele. Akishtuka hatarudi."

"Na hawa wengine, Mwalimu, nitawaambia wangoje robo saa?"

"Robo saa tu, dada."

"Hako kandege kako hata hakali mtama. Wenye wanakula mtama huwapigi picha."

Alicheka, akashuka. Aliketi chini ya dungu, kombeo mapajani, mahali ambapo mtama ulimzidi urefu na hakuweza kuona mbele. Alinitii kwa sababu nilikuwa nimesoma. Yeye aliachia darasa la nne ili mimi niendelee.

Jua lilichomoza, kisha wingu likalifunika. Nikangoja.

"Imeisha?"

"Bado kidogo."

Baada ya muda akasema, "Mwalimu, nasikia kama upepo."

Kipanga alikuwa amegeuka na wingu lilikuwa likiachia. Mwanga ukamwangukia mgongoni, laini, kama nilivyokuwa nimeukadiria. Papo hapo nyuma yake pakafifia, pakawa na ukungu wa kahawia unaotembea. Nilidhani wingu limerudi. Nikafungua lenzi zaidi, nikapiga.

Nilipoondoa jicho kwenye kamera, kweleakwelea walikuwa wametanda shamba zima, na mabua yalikuwa yameinama kwa uzito wao. Dada alikwisha kuingia kati yao akipiga mayowe. Kundi liliinuka mbele yake na kutua nyuma yake. Mimi nilirusha mawe kwa mkono, maana kombeo sikujua kulitumia. Waliondoka waliposhiba.

Alifuta uso kwa leso. "Picha ilitoka?"

"Ilitoka."

"Basi chukua kisu tukate iliyobaki."

Tulikata hadi saa saba. Tulichopata hakikujaza gunia moja.

Jumapili, baada ya ibada, jirani yake wa shamba alimsimamisha mlangoni mwa kanisa mbele ya akina mama wengine.

"Sisi tulipiga madebe asubuhi yote, tukawaona wakija kwako. Kwako kulikuwa kimya. Kwani ulikuwa wapi?"

"Nililala," dada alisema. "Usingizi ulinishinda."

"Na wajukuu unao. Haya, sasa lala vizuri."

Wawili watatu walicheka. Nilikuwa nimesimama kando yake, Biblia mkononi. Nimeishi kwa kusahihisha makosa ya watu, hata ya nukta. Hilo nililiacha lipite.

Mwezi wa tatu alikwenda Sultan Hamud kuosha vyombo katika hoteli ya kando ya barabara. Wajukuu na mama mkwe alimwachia jirani yule yule, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Jirani anawatunza vizuri. Nasikia tu kwamba, anapomnywesha uji yule kikongwe asiyeona, humsimulia jinsi mkaza mwana wake alivyolala huku ndege wakila.