Mbao ya Unga

Kabati letu la MDF lilituambia mapema kwamba ziwa linakuja. Lilisema wiki tatu tu baada ya kuingia nyumbani, na sisi, watu wazima wenye vyeti, tukakaa kugombana kuhusu deki. Nusura ugomvi huo umuue mama mkwe wangu.

Kabati hilo nililichagua mimi. Nilizaliwa upande wa Migori, kwa Wakuria, nikaolewa kule ufukweni mwa ziwa, karibu na Kisegi. Kijaluo changu hakikufika mbali, kwa hiyo mimi na mama mkwe tulielewana kwa Kiswahili, yeye chake, mimi changu. Siku lori liliposhusha kabati, alilizunguka mara mbili akaligonga kwa kidole. Lilikuwa jeupe, linang'aa, na mlango wake una kioo.

"Hii ni mti gani?"

"Ni MDF, mama. Wanasaga mbao, wanachanganya na gundi, halafu wanakandamiza."

"Wanasaga? Basi hii ni mbao ya unga!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nyathina, unga ikikunywa maji inakuwa nini? Si uji?"

Kwa Kijaluo, nyathina maana yake "mwanangu". Aliniita hivyo hata aliponichokoza, na nilimpenda kwa hilo, ingawa siku hiyo nilinuna.

Kabati lake mwenyewe lilikuwa la mvule mtupu. Marehemu mumewe aliukata mti mwenyewe, fundi wa Ndhiwa akalitengeneza, likaegemezwa ukuta wa nyuma wa chumba chake cha kulala, kando ya kitanda, na tangu hapo halikuwahi kusogezwa. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya yetu. Yetu ilikuwa karibu na lango, upande wa ziwa.

Wiki ya tatu miguu ya kabati langu ikaanza kuvimba. Ile karatasi nyeupe ya juu ikabanduka.

"Unamwaga maji mingi ukipiga deki," mume wangu akasema.

Nilikasirika vibaya. Mwezi mzima sikugusa deki, nilifagia tu, nimwoneshe. Uvimbe ukaendelea kupanda. Nikachukua penseli, nikawa naweka alama pale ulipofika kila Jumapili kabla ya kanisa, jinsi wazazi wanavyopima watoto kwenye fremu ya mlango. Mtoto akirefuka unafurahi. Mimi kila alama mpya ilinitia hofu.

Siku moja niliinua mkeka nikakuta saruji imekuwa nyeusi. Nilichimba kwa jembe nje, ubavuni mwa ukuta. Kabla shimo halijafika magotini maji yakatokea, safi, baridi, bila haraka. Ziwa lilikuwa limekwisha kula mashamba ya majirani, na sisi kila asubuhi tulilichungulia lilipofika kwenye ua. Kumbe lilikuwa linapita chini.

Nikamwendea mama mkwe. "Mama, tuhame. Maji iko chini ya nyumba."

Alinishika mkono, akanipeleka chumbani kwake, akalipiga kofi lile kabati la mvule. "Yangu imevimba? Angalia mlango, inafunga sawasawa. Wewe ulinunua uji, sasa unataka tuhame sababu ya uji."

Lilisimama pale kimya, jekundu, zuri. Kwa kweli lilinitia aibu. Nyuma yake nilisikia kitu kama mchanga ukimwagika kidogo kidogo, kisha ukaacha, kisha ukaanza tena.

"Panya," akasema.

Nami nikanyamaza, Mungu anisamehe. Nilitaka sana awe sahihi.

Sakafu yetu ilipotitia, mume wangu akapata nyumba ya kupanga Ndhiwa, mbali na maji, akamwambia mama yake kwamba hatuondoki bila yeye. Alikataa siku nne. Ya tano akakubali kwa sharti moja: kabati lake litoke kwanza.

Wanaume sita walikuja asubuhi. Mama mkwe alisimama mlangoni akiwaamuru, wageuze huku, wasikwaruze kule. Walipolivuta kutoka ukutani, mwanga wa nje ukaingia chumbani. Ukuta ulikuwa na ufa kutoka sakafuni hadi paani, mkono wangu ungepita. Matofali ya chini yalikuwa yamerudi kuwa tope. Kabati ndilo lililokuwa limeushikilia ukuta, na yeye akilala pembeni, kwa muda gani hakuna ajuaye.

Wanaume wakatoka nalo, wakihema. Mama mkwe hakuutazama ufa. Alitazama vumbi la miaka yote lililobaki pale chini, aibu mbele ya wageni, akachukua ufagio, akaingia hadi kando ya kitanda.

"Wacha nifagie kwanza."

Nilimshika gauni kwa nyuma nikavuta kwa nguvu. Sikuwa nimewahi kumgusa hivyo. Akageuka kunigombeza, mdomo wazi, na ukuta ukaanguka juu ya kitanda.

Haukupiga kelele nyingi. Alibaki ameshika ufagio mpaka mume wangu alipomnyang'anya taratibu.

Sasa tuko Ndhiwa. Lile la mvule liko sebuleni, halijakwaruzika, na mama mkwe haruhusu liguse ukuta. Langu tuliliacha kule; miguu yake ilikuwa imekuwa uji kweli. Nilipomwambia nitamtafutia fundi amtengenezee kitanda cha mvule, kizito, kama alivyopenda siku zote, alikataa.

"Ninunulie ile ya unga."

"Kwa nini, mama?"

Akalitazama kabati la mumewe. "Hii ilijua," akasema, "ikaninyamazia."

Analala juu ya kitanda cha MDF. Kila asubuhi, kabla hajatusalimu, huinama akapapasa miguu ya kitanda yote minne, mmoja mmoja, nami nasimama mlangoni nikingoja atasema nini.