Aliyekata Ndiye Ashike Pembe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maksai mwekundu amelala ubavu kwenye nyasi zenye umande. Miguu imefungwa kamba ya katani, na paja la nyuma limepasuka kwa panga. Inzi wameshafika. Damari Anyelwisye naye ameshafika na mkoba wake wa dawa, lakini uzi haugusi.

Anamsubiri mtu.

"Sishoni," anasema, amekalia ndoo iliyopinduliwa. "Aliyekata aje ashike pembe. Asipokuja, huyu ng'ombe na aoze hapa hapa, harufu iwafuate mpaka mezani."

Hatamwacha aoze. Kila mtu katika kitongoji cha Ilunguwe, bonde la Usangu, anajua kwamba Mama Gloria, kama wanavyomwita, hawezi kumwacha mnyama anateseka. Wanajua pia kwamba akianza kusema hasimami. Ndiyo maana haupiti muda mrefu kabla Lugano hajajitokeza kwenye ukingo wa jaruba, mikono mitupu, macho chini.

Lugano ni mkulima wa mpunga, kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Jana jioni aliwakuta ng'ombe wa mzee Seni, mfugaji wa Kisukuma, wamo ndani ya mpunga wake ulioanza kuinama kwa masuke. Akamkata wa kwanza aliyemfikia.

"Shikamoo, Mama Gloria."

"Marahaba. Huyu unamjua?"

"Ng'ombe wa Wasukuma."

"Ng'ombe wa Wasukuma! Hebu mtazame usoni vizuri. Desemba nani alikulimia?"

Lugano anatazama, kisha anageuza shingo. Maksai huyu ndiye aliyevuta plau kwenye jaruba lile lile. Mzee Seni alimwazima kwa siku mbili, akapewa ahadi ya debe la mpunga wakati wa mavuno.

"Basi msalimie mfanyakazi wako," anasema Damari. "Halafu shika pembe."

Hiyo ndiyo sheria yake. Aliyekata anashika pembe. Mwenye ng'ombe naye hakai pembeni kama mgeni wa harusi. Anashika miguu ya nyuma, na mzee Seni ameshaikamata. Damari anaosha kidonda kwa maji ya chumvi, anachoma sindano ya ganzi, kisha anashona huku wanaume wawili waliotaka kuuana jana wanahemeana usoni.

"Sisemi wakitoka hapa wanapendana," anasema. "Hapana. Wanakuwa wamechoka, wamepigwa mateke na ng'ombe mmoja. Mtu aliyechoka hatafuti panga."

Damari alizaliwa kwenye vilima vya juu ya jiji la Mbeya, kwa wakulima wa viazi. Alisomea cheti cha mifugo, akafanya kazi ya mkataba kwa muda, mkataba ukaisha, akaolewa huku bondeni. Sasa anajitegemea. Mwezi mzuri anapata kama shilingi laki mbili, na mwezi mzuri kwake ni mwezi mbaya kwa wengine wote.

"Wakipatana nitakufa njaa," anasema. "Nife basi! Nimechoka kula kwa panga."

Msimu huu ameshashona ng'ombe kumi na mmoja. Mwaka juzi, katika ugomvi kama huu, kijana wa hapa kitongojini alikatwa mkono. Walimkimbiza kwanza kwa Damari kwa sababu ndiye mwenye nyuzi. Alichoweza ni kuukaza mkono kwa khanga yake na kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Kijana alirudi. Mkono haukurudi.

Ukimwambia kwamba wakulima na wafugaji ndivyo walivyo, damu zao haziendani, utajuta kufungua mdomo.

"Damu gani? Hawa wamekula harusi pamoja, wamezikana! Palikuwa na njia hapa. Mapito ya ng'ombe kutoka kwenye maboma mpaka mtoni, mapana, makundi mawili yanapishana bila kugusana. Ng'ombe anakwenda kunywa, anarudi, mpunga wa mtu haulambi. Njia ikauzwa. Sasa ng'ombe apite wapi, angani?"

Aliyeiuza, kwa maelezo ya Damari na ya mzee Seni, ni Fanueli, aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji wakati huo. Aliikata vipande kumi na viwili, akauza kimoja kimoja kama pori lisilo na mwenyewe. Kipande kimoja alikinunua Lugano.

Kingine alikinunua Damari.

"Cheka tu," anasema. "Nilinunua njia ya ng'ombe, halafu nalipwa kushona ng'ombe waliokatwa kwa kukosa njia. Mtu mzima mimi, na cheti ukutani!"

Alipaswa kushtuka mapema. Jembe lilikuwa likigonga ardhi kama linalima barabara. Siku mzee Seni alipomwita mama kwa Kisukuma na kumwambia, "Mayu, hapa ulipopanda ndipo baba yangu alipitishia ng'ombe," alimfukuza kwa maneno makali. Usiku hakulala. Kesho yake alimfuata bomani kumwomba radhi, akalishwa ugali na maziwa mgando.

Kisha akapanda basi kwenda Iringa, ambako Fanueli amehamia na kujenga nyumba ya bati jekundu mlimani. Anasema alikaribishwa vizuri sana.

"Alinipa soda. Ya moto! Akaniuliza habari za watoto. Nikamwambia Gloria hajambo, ila kuna kijana hana mkono. Akasema, 'Pole yao, watu wa kule wana hasira.' Nikamuuliza, hasira walizinunua kwa nani? Akaangalia saa."

Soda hakuimaliza, na hilo, kwa mtu anayemjua Damari, ni tangazo la vita.

Msimu huu ekari yake hakuipanda. Alibomoa kingo, akaacha nyasi ziote. Mumewe alinuna mwezi mzima. Alitegemea wanunuzi wengine wangeona na kufuata. Wakaona. Hawakufuata.

Ng'ombe, wao, hawakusubiri kikao. Wakaingia kwenye ekari iliyo wazi, wakainua vichwa, wakajikuta mbele ya mpunga wa Lugano.

"Wewe ndiye uliyewakaribisha!" Lugano anafoka sasa, pembe zikiwa mikononi. "Umewafungulia mlango, sebule ni yangu!"

Damari anavuta uzi, anafunga fundo, anachoma tena.

"Ni kweli," anasema hatimaye. "Njia ya kipande kimoja ni mtego. Lakini nirudishe kingo nijifanye sijui? Nishone mpaka nizeeke?"

"Mimi nina mtoto, Mama. Ule mpunga ndio uji wake."

"Na ng'ombe hawa ndio uji wa kwangu," anasema mzee Seni kutoka miguuni, taratibu. "Kijana, kaza hiyo pembe, atakutoboa tumbo."

Lugano anakaza. Damari anafunga mshono wa mwisho. Anapuliza dawa ya bluu juu ya kidonda.

"Fanueli aje," anasema Lugano. "Asimame kwenye mkutano wa kijiji, aseme kwa mdomo wake kwamba alituuzia njia. Siku hiyo hiyo nabomoa kingo zangu, na wengine nitawavuta mimi mwenyewe. Asipokuja, mwakani uifunge ile ekari yako."

"Atakuja."

"Kwa soda?"

Mzee Seni anacheka mpaka kamba inamponyoka. Maksai anajizoazoa, anasimama kwa miguu mitatu, kisha minne, na kwa shukrani anamnyea Damari kwenye buti.

Mkutano ni baada ya mavuno. Kwenye kopo la maziwa ya unga, Damari anaweka akiba ya nauli: mtu mmoja kwenda Iringa, watu wawili kurudi. Ya kwenda imeshatimia. Ya kurudi imepungua kidogo tu.

"Pembe zina mtu, miguu ina mtu," anasema akikwangua buti kwa kijiti. "Mkia hauna mtu, ndiyo maana nanyewa mimi kila siku. Hiyo nafasi namtunzia Fanueli. Na hata kama siku hiyo hakuna ng'ombe mwenye kidonda, atashika tu."