Uvimbe Nilioupa Jina Mwenyewe

Kwetu Majoreni mwanamume akivimba chini, watu husema ni busha, wala hakuna anayeshangaa. Basi na mimi wangu niliuita busha, miezi mitano, nikaendelea na cherehani yangu. Mke wangu Mwanakombo ndiye aliyegundua kwamba korodani yangu moja imekuwa ngumu kama kokoto. "Kesho twenda Msambweni," akasema. Hakuniuliza.

Saa mbili asubuhi tulikuwa hospitalini Msambweni. Kwenye benchi la kusubiri kupigwa picha niliketi na Mwinyi, mkwezi wa minazi kutoka Kinondo. Uvimbe wake hata kikoi hakikuuficha. Wangu ulienea kiganjani. Nikamhurumia.

Adhuhuri majibu yakatoka. Mwinyi aliambiwa ni maji tu, atapasuliwa papo hapo arudi kwake. Mimi daktari aliniita kando.

"Kaka, yako si maji. Tunashuku saratani. Itabidi uende Mombasa, korodani hii itolewe."

"Na mtoto, daktari? Hatujajaliwa hata mmoja."

"Moja hutosha. Lakini dawa zaweza kudhoofisha mbegu. Waulize kabla hawajaanza."

Nje Mwinyi akanipa pole. Nilimwonea wivu, na wivu wenyewe wa busha!

Mombasa nilipasuliwa, na saratani ikathibitika. Kisha zikaja dawa za dripu, wiki baada ya wiki. Nilitapika, nikanyonyoka nywele hadi nyusi. Kitandani nilimuwaza Mwinyi juu ya mnazi. Kichwani mwangu nilimwoza mke, nikampa watoto wanne, wote kwa hasira. Nilipomweleza Mwanakombo, alinitazama sana. "Wamchukia mtu kwa kupona?"

Tulipokuwa tukirudi, nilimwomba tushuke Kinondo. Nilitaka kumwona kwa macho yangu. Tulimkuta Mwinyi akifua nazi, kikoi kimemlalia vizuri kama cha mtu yeyote. Aliruka kutulaki.

"Karibuni! Ndugu yangu, umekonda."

Alituangulia madafu. Alipanda mnazi kama anayepanda ngazi, na mimi chini nilikuwa nimeshikilia ukuta kwa kizunguzungu. Dafu langu nililiweka kando.

"Siku ile nilikuonea wivu," nikamwambia. "Na leo pia."

Mwinyi aliweka panga chini. "Mimi nilijificha miaka tisa. Mchumba wangu aliolewa na mwingine kwa kuwa nilishindwa kumwambia. Pale benchini nikakuona umeshikwa mkono na mkeo. Wallahi, nilitamani kuwa wewe, na ugonjwa wako juu."

Mwanakombo alimsogezea dafu langu. "Kunywa wewe, shemeji. Huyu bado ana kichefuchefu."

Majoreni tulifika alasiri. Wanaume barazani wakanijulia hali, mmoja akauliza, "Lilikuwa busha?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. "Saratani," nikasema. "Nimetolewa korodani moja. Nilidhani ni busha hadi nilipopigwa picha Msambweni, kwa sababu sikumuuliza mwenye kujua."

Wawili walicheka. Kama nitapata mtoto, sijui bado, nimeambiwa ningoje. Ila watu walipotawanyika, Bakari muuza mkaa alibaki, akitazama miguu yake.

"Hiyo picha," akasema polepole, "hupigwa siku gani?"

Nikamwambia twende pamoja Jumatatu. Naye pia nikamwonea wivu, kwa kuwahi kuuliza.