Makochi ya Kinyozi

Tulishapotea mara mbili kwenye vichochoro vya nyuma ya soko kabla mtafiti hajautambua mlango, kwa karai la bluu lililotundikwa ukutani. Mimi, msaidizi wake mpya, nilimfuata tu. Mtaa ule nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza. Taasisi yake inachunguza kama msaada wa fedha wa kila mwezi unazitoa familia kwenye umaskini. Mwaka uliopita alipita humu kuchagua familia za kusaidiwa.

Mwenye chumba ni dobi. Majirani wanamwita Mama Povu. Mumewe, mpagazi, aliangukiwa na magunia ghalani akafa. Tangu hapo amefua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Kikombe anakishika kwa viganja. Alikuwa na ombi moja tu duniani: yeye na binti yake wasitoke kwenye chumba hiki, karibu na shule, hadi binti afanye mtihani wa mwisho.

Tulikuta mabunda mawili yamefungwa kwa shuka, na kiti kimoja cha plastiki.

"Karibuni. Mmoja akae, mwenzake asubiri zamu," alisema, akacheka.

Mtafiti hakukaa. "Mama, makochi yako wapi? Na televisheni?"

"Yale ya kinyozi? Si yako kwake hapo ng'ambo. Na hiyo televisheni yenyewe ilikuwa haiwaki."

Mtafiti alishika ukuta. Kumbe aliposikia wageni wanakuja, dobi aliazima samani zote za kinyozi ili wasikae chini. Wageni wakakaa, wakanywa chai, wakahesabu makochi, wakaona huyu anajiweza. Kisha wakavuka kwa kinyozi, wakamkuta amekaa kwenye ndoo, ndani hamna kitu. Msaada akapewa yeye.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nimkalishe mgeni kwenye kochi, halafu nimwambie la kuazima? Atakaa kwa raha gani? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyolelewa. Nyinyi mkanimaliza." Akakohoa, au alicheka, sikujua. "Haya, si umeona sasa? Nirekebishieni."

Mtafiti alieleza kwa upole, macho yakiwa sakafuni. Makundi hayabadilishwi katikati ya utafiti. Waliopewa wanalinganishwa na wasiopewa. Leo amekuja kupima tu.

"Kwa hiyo mmekuja kutazama nilivyoanguka."

"Kuandika, mama."

"Basi andika vizuri. Chumba nakiacha leo, mwenye nyumba ana mpangaji mwingine. Naenda kwa dada yangu, nje ya mji."

"Na binti?"

"Ameacha shule. Yuko jikoni kwa watu, analala huko huko." Akayakaza mafundo ya mabunda, ingawa yalikuwa yamekaza tayari. "Mtihani ni mwezi ujao."

Mtafiti aliuliza maswali yaliyobaki kwa sauti ya chini. La mwisho lilihusu samani. Dobi akakipiga kiti kofi.

"Hiki nacho cha kinyozi. Kakinunua kwa hela zenu. Safari hii nimesema mapema!"

Alijitwika bunda moja, la pili akalikumbatia. Nilipotaka kumpokea alikataa: mgeni habebeshwi mzigo. Mlangoni aligeuka mwili mzima.

"Kiti mrudishieni mwenyewe, asije akasema sina adabu. Na wewe baba, mbona umesimama tangu ufike? Kaa."

Nikakaa. Alipita chini ya karai lake bila kulitazama, akapinda kichochoroni.