Zinki za Boti ya Mwinyimvua

Mtaani Gerezani, kwenye maduka ya spea, walimjua Mwinyimvua kwa mambo mawili: hadanganyiki, na ana boti.

La kwanza alilipata dukani. Beringi iliyokwisha kutumika, ikaoshwa kwa petroli na kutiwa kwenye boksi jipya, aliitambua kwa kuinusa tu. Miaka ishirini na miwili ya kuuza spea ilimfundisha kwamba anayekuletea kifaa kizima mkononi huenda anacho kibovu mfukoni, na kwamba ukigeuza shingo umebadilishiwa. Kwa hiyo kila kilichoingia dukani mwake alikitia alama ya rangi ya mafuta, ya kijani, tone moja. Tone lisipoonekana, kitu si chake, na hapo hakuna udugu.

La pili lilimshangaza hata mkewe, Sitara. Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, urefu wake hatua kumi, na mbele ilikuwa na chumba chenye vitanda viwili na jiko la kuchemshia chai. Aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama nchi. Jumapili aliwapakia wanawe, akavaa miwani ya jua, akawa mtu mwingine. Siku nyingine zote boti ilielea upande wa Kurasini, na kila baada ya miezi minne ilivutwa kwa trela mpaka ua wa nyuma ya duka ili isuguliwe tumbo na kukaguliwa. Boti ikipita barabarani kati ya mikokoteni na bajaji, watu hawakukosa la kusema.

"Mwinyi, bonde la Jangwani likifurika utatubeba?"

"Nitawabeba. Wewe utashuka usukume!"

Aliyeitunza boti hiyo kwa miaka sita alikuwa Uledi, fundi wa Kurasini, rika lake, mwembamba, mdomo hauna breki. Na Uledi ndiye aliyekuwa akimkosesha Mwinyimvua usingizi.

Chini ya boti, karibu na propela, vilifungwa vibonge viwili vya zinki, kila kimoja kama nusu ya kipande cha sabuni ya kufulia. Kila mara boti ilipotoka majini, Uledi alidai vibonge vipya.

"Vya zamani vimekwenda wapi?" Mwinyimvua aliuliza.

"Vimeliwa na bahari. Maji ya chumvi lazima yale madini, bosi. Yakikuta zinki yanakula zinki, yanaiacha propela. Tunayarushia mfupa ili yasiguse nyama."

Mwinyimvua alicheka, lakini moyoni hakucheka. Gerezani alikwisha kusikia nyaya zilizoliwa na panya, na mafuta ya breki yaliyonywewa na jua. Sasa bahari nayo ina meno! Na wanunuzi wa vyuma chakavu walipita mtaani kila asubuhi na mizani yao.

Akafanya jaribio. Vibonge vilivyofuata alivitia tone la kijani kabla ya kumkabidhi Uledi. Miezi minne baadaye boti ilipotolewa, vibonge vilikuwa vidogo kama embe lililofyonzwa, vina mashimo, na tone halipo.

"Kabadilisha," alimwambia Sitara usiku huo wakila. "Kaviuza vyangu, kanifungia makapi."

"Umemwona?"

"Alama haipo."

"Uledi alimzika baba yako pamoja na wewe, Mwinyi. Aliingia kaburini."

"Kuzika ni kuzika. Spea ni spea." Akasukuma sahani. "Zinki zikipotea tena, Uledi hana kazi kwangu."

Safari hii hakutaka tone linaloweza kukwanguliwa. Ijumaa ya kurudisha boti majini, Uledi alifunga zinki mpya, akakagua kila kitu, akanawa mikono.

"Twende msikitini, bosi."

"Tangulia. Tumbo linanisokota."

Uledi alipoishia kwenye kona, tumbo lilipona. Mwinyimvua alichukua kopo na brashi, akaingia chini ya trela kwa magoti, akazipaka zinki zote mbili rangi ya kijani, juu, chini na pembeni, rangi juu ya rangi, mpaka isionekane hata ncha. Sauti ya hotuba ilimfikia kutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, akafanya haraka. Uledi aliporudi, gari la kuvuta lilikuwa linanguruma. Akapanda botini moja kwa moja bila kuinama chini.

Mwezi wa tatu Uledi alipiga simu. "Boti inatetema. Tuitoe nje niitazame."

"Miezi minne haijatimia."

"Bosi, propela haiko sawa. Naisikia miguuni."

Mwinyimvua alitabasamu peke yake kaunta. Aa, umeziona za kijani, umekwama, sasa unatafuta kisingizio uziguse. "Siku yake ikifika itatoka," akasema, akakata simu.

Siku ikafika. Boti iliingia uani ikichuruzika maji na kunuka chaza. Elisaria, jirani auzaye gasketi, alisogea na kikombe chake cha kahawa kuangalia. Mwinyimvua hakungoja tumbo lisuguliwe. Aliinama, akapangusa ute kwa kiganja, na hapo akaziona: nzima, zimejaa, kijani tupu kama siku alipozipaka.

"Elisaria, njoo uone!" alipiga kelele. "Miaka sita naambiwa zinaliwa na bahari. Mbona hizi hazijaliwa? Zimewekewa alama, mwizi kashindwa!"

Uledi, aliyekuwa akikoroga sabuni ndani ya ndoo, alisimama. Alimtazama mwenye boti, kisha akaingia chini ya trela. Alikwangua zinki kwa bisibisi. Rangi ikabanduka kama ganda, na chini yake madini yakang'aa mapya. Akahamia kwenye propela. Haikuwa tena ya rangi ya dhahabu. Ilikuwa na madoa ya waridi na vitundu kama mkate, na Uledi alipobana ukingo wa ubapa mmoja kwa koleo, ukakatika kama kashata.

"Nani kapaka?" aliuliza kutoka huko chini.

Elisaria alilitazama kopo lililokuwa mlangoni mwa duka, akanywa kahawa yake.

"Zinki ukiivika nguo, bahari haiioni," Uledi alisema. "Miezi minne imekula propela. Shafti inayoizungusha nayo sijui." Akatoka, akajipangusa magoti. "Kwa hiyo mwizi ni mimi."

"Nilisema mwizi, sikutaja jina..."

"Nani mwingine hugusa hapa?"

Mwinyimvua alifungua kinywa. Dukani angekuwa na majibu matano. Hapa alipata moja tu, nalo lilitoka dogo: "Nimekosea, Uledi. Nifungie nyingine. Sitauliza tena."

"Utauliza. Wewe ndivyo ulivyo." Uledi hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Mwinyimvua kuliko matusi. "Kazi nitaifanya, boti haina kosa. Lakini kuanzia leo sifungui nati bila wewe kulala hapa chini ushike tochi. Kila nati."

"Na duka je?"

"Funga."

Akalifunga. Adhuhuri nzima mwenye boti alilala kwenye tope na kanzu yake, maji ya chumvi yakimdondokea shingoni, huku wapita njia wakichungulia kutoka getini. "Kapteni kazama nchi kavu!" mmoja alisema, na Elisaria akashindwa kujizuia kucheka.

Jioni Uledi alitandaza gunia mbele ya Mwinyimvua. Akazipanga spana zake juu yake, kubwa hadi ndogo, akaanza kuzihesabu kwa kidole, polepole, kwa sauti. Haikuwa desturi yake. Miaka yote sita, kila boti ilipoletwa, mfuko wake wa spana ulilala humo uani wazi, bila kuhesabiwa.

"Unatafuta nini, ndugu yangu?" Mwinyimvua aliuliza.

Uledi aliendelea kuhesabu. Alifika kumi na nne, akasita, akarudia tangu mwanzo.