Kilo Zangu kwa Mizani ya Magunia

Aibu niliyojitafutia mwenyewe hakuna wa kunitolea, kwa hivyo chekeni tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaita wenzangu wa chama chetu cha akina mama cha kuweka akiba, pale mtaani Umoja, "mapipa", kisa nimepunguza kilo kumi na mbili kwa miezi miwili, nikiishi kwa yai moja na chai ya rangi (na hasira, hiyo sikuikosa). Wakanifanya mwalimu wao, na mimi na kichwa changu kikubwa nikakubali!

Sikuwaambia kwamba niliporudia chakula, ugali kidogo tu jamani, sketi zilianza kukataa kufunga. Nikajinyima tena. Nikawa nasikia baridi mchana wa jua kali, nasinzia juu ya mitumba yangu, na bado nanenepa. Badala ya kunyamaza, nikamvamia wifi yangu Nekesa, aliyekuwa akisema naye anapungua, na huku anakula kama kawaida ila sahani ndogo, na kutembea kwenda kazini.

"Wewe unatudanganya," nikamwambia mbele ya chama kizima. "Twende duka la nafaka ukapimwe!"

Wote wakatufuata. Nekesa akapanda mizani ya magunia: sabini na nne, alikuwa amepungua kilo sita. Nikasema basi, turudi.

"Turudi wapi?" wenzangu wakapaza sauti. "Mwalimu naye apande!"

Wakanisukuma. Mwenye duka, aliyezoea kupima mahindi, akasoma kwa sauti ya kusikika soko zima: "Tisini na tatu! Mama, hata gunia la mahindi ni tisini, wewe umezidi!" Ghai! Nilianza na themanini na nane, mimi. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini.

Nekesa peke yake hakucheka. Akanishika mkono, "Wifi, leo umekula?" Nikalia hapo hapo kati ya maharagwe.

Muuguzi wa kliniki alinieleza kwamba nilipojinyima, mwili ulidhani kuna njaa, ukajifunza kutumia kidogo, na niliporudi kula ukaweka akiba. Kumbe nilikuwa napigana na mwili wangu, nao una akili kunishinda.

Sasa nakula na Nekesa, napungua pole pole, na sahani ya mtu sitaisema tena maishani. Lakini wanafunzi wangu watatu bado wanajinyima vile nilivyowafundisha, mmoja juzi ameanguka kwenye foleni ya maji, na nikiwaambia wale chakula, wananiambia nina wivu.